Dalali akisikia vocha anakata simu: wasomaji wanauliza kuhusu Tume ya Haki za Binadamu ya New York

Barua za safari hii zimejaa habari za nyumba, kazi na vitisho, na karibu zote zinaishia kwenye swali moja: hiyo Tume ya Haki za Binadamu ya Jiji la New York, ofisi ya jiji inayopokea malalamiko ya ubaguzi, ni ya watu gani, na mtu kama mimi akienda atasikilizwa? Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa ukalimani wa Kiswahili. Nimekaa katika ofisi hiyo katikati ya afisa na mlalamikaji, nikipeleka maneno huku na huku. Nitajibu kwa niliyoyaona na kwa sheria ilivyo. Mimi si wakili, na penye haja ya wakili nitasema.

"Shikamoo Mama. Nina watoto watatu, tunaishi kwenye makazi ya muda ya jiji. Nimepewa vocha ya CityFHEPS nikaambiwa nitafute nyumba mwenyewe. Kila dalali ananichangamkia mpaka nitaje vocha. Mmoja alisema mwenye nyumba hachukui programu, akakata simu. Wenzangu wanasema ndivyo mji ulivyo, nivumilie. Nifanyeje?"
*Mama wa Watatu, Bronx*

Marahaba mwanangu. Usivumilie. Dalali huyo amevunja sheria kwa sentensi moja, na kama mwenye nyumba ndiye aliyemtuma, wote wawili wana la kujibu. Tangu 2008 sheria ya haki za binadamu ya jiji inakataza kumkataa mpangaji kwa sababu ya chanzo halali cha pesa anayolipia kodi. Vocha yako ya CityFHEPS, yaani msaada wa kodi wa jiji, imo; Section 8, vocha ya serikali ya shirikisho, imo; na malipo ya ulemavu yamo.

Wajanja hawasemi waziwazi kama huyo wako. Watakwambia nyumba imeshachukuliwa huku tangazo bado lipo, au upige tena wiki ijayo, na wiki ijayo haifiki. Kwa watu wa namna hiyo Tume ina njia yake: inawatumia wapimaji. Mtu mmoja anapiga simu akisema ana vocha, mwingine anapiga akisema analipa kwa mshahara, kisha majibu mawili yanawekwa mezani pamoja. Kwa hiyo usidhani kwamba bila shahidi huna kesi.

Lakini wewe pia una kazi ya kufanya, na uifanye leo. Chukua daftari. Andika tarehe, saa, jina alilokutajia dalali, anwani ya nyumba na namba ya simu. Piga picha tangazo kabla halijaondolewa. Halafu mtumie dalali ujumbe mfupi wa adabu: "Asante kwa kuzungumza nami leo. Nimeelewa kwamba kwa nyumba hii hamchukui CityFHEPS. Ni sawa?" Nimeona watu wakijibu "ndiyo" bila kusita, kwa sababu hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote. Jibu hilo ni ushahidi ulioandikwa kwa mkono wa mhusika mwenyewe.

Kisha piga 311, simu ya huduma za jiji, uombe kuunganishwa na Tume ya Haki za Binadamu, na maneno yako ya kwanza yawe haya: nimekataliwa kwa sababu ya vocha, na nyumba bado iko wazi. Hilo la pili lina uzito wake. Watu wengi hufikiri kazi ya Tume ni kesi tu, kumbe sehemu ya kazi yake hufanyika kabla hata malalamiko rasmi hayajafunguliwa. Afisa anaweza kumpigia dalali au mwenye nyumba, akamweleza sheria na adhabu yake, akamtaka apokee maombi yako. Niliwahi kuwapo simu kama hiyo ikipigwa. Afisa hakupandisha sauti; alitaja sheria, akauliza fomu ya maombi itatumwa saa ngapi. Mchana ule ule ikatumwa. Si kila simu inafanikiwa hivyo, na nyumba ikishapangishwa mtu mwingine kinachobaki ni fidia, ambayo haikupi mahali pa kulala usiku huu. Ndiyo maana nakuhimiza uwahi.

Kuna mwanya mmoja uujue. Nyumba ya familia mbili ambayo mwenyewe anaishi upande mmoja, na upande wa pili haukutangazwa hadharani, kwa kawaida haiguswi na sehemu hii ya sheria. Vivyo hivyo chumba ndani ya nyumba anamoishi mwenyewe. Lakini jengo lenye dalali na tangazo la mtandaoni? Huyo hana pa kujificha.

"Ndugu mwandishi, nimepanga apatimenti Queens, jengo la familia nne. Nilipolalamika kwamba hakuna joto, mwenye nyumba akasema nikiendelea atawaita ICE. Sina makaratasi. Nikienda huko Tume si nitakuwa nimejipeleka mwenyewe?"
*Kaka wa Queens*

Kaka yangu, hofu yako naielewa na sitaibeza. Wengi waliokaa kwenye kiti cha pembeni yangu walianza kwa kuuliza hilo hilo, tena kwa sauti ya chini, wakiniangalia mimi badala ya afisa.

Tume ni chombo cha jiji. ICE, watu wanaokamata na kurudisha wahamiaji, ni ya serikali ya shirikisho huko Washington. Ni ofisi mbili tofauti, zenye wakubwa tofauti na sheria tofauti. Sheria ya jiji inamlinda mtu aliye ndani ya New York bila kujali makaratasi yake, na hali ya uhamiaji yenyewe ni moja ya sababu ambazo hairuhusiwi kumbagulia mtu. Huhitaji kuwaeleza uliingiaje nchini ndipo malalamiko yako yapokewe. Wasipouliza, na wewe usianze kusimulia. Nimeona watu wakimwaga habari ambazo hakuna aliyezihitaji, kwa woga tu.

Sasa hicho kitisho. Mwezi Septemba 2019 Tume ilitoa mwongozo uliosema bayana kwamba kumtishia mtu kwa ICE ili kumnyanyasa au kumnyamazisha ni ubaguzi, na faini yake inaweza kufika dola 250,000 pale kitendo kilipofanywa kwa makusudi na kwa ubaya. Mwaka huo huo jaji wa utawala alipendekeza mwenye nyumba mmoja wa Queens, mtaa wako huo huo, alipe jumla ya dola 17,000 kwa kumtishia mpangaji wake kwa ujumbe wa simu. Dola 5,000 zilikuwa faini na 12,000 zilikuwa za mpangaji kwa maumivu aliyopata. Tofauti hiyo ikumbuke: faini huingia hazina ya jiji, fidia huja kwako.

Je, alikwambia kwa mdomo au kwa maandishi? Kama ni ujumbe, usiufute hata kama unakuumiza kuusoma. Utume kwa mtu unayemwamini ili uwe mahali pawili. Kama ni sauti iliyoachwa kwenye simu, ihifadhi. Kama ni mdomo, andika maneno yake yalivyokuwa, kwa lugha aliyoitumia, pamoja na nani alikuwa karibu.

Joto nalo lina njia yake, na hii ni haraka zaidi. Kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, mwenye nyumba analazimika kuweka joto la angalau nyuzi 68 za Farenhaiti ndani ya nyumba kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku, ikiwa nje ni chini ya 55. Usiku ni 62, hata nje kukiwa na hali gani. Hilo linashughulikiwa na idara ya nyumba ya jiji, tena kupitia 311 hiyo hiyo. Kwa hiyo una mambo mawili, moja la joto na moja la kitisho, na yote mawili unaweza kuyapeleka siku moja.

Sitakuahidi jambo ambalo ofisi ya jiji haina uwezo nalo. Tume haiwezi kuizuia serikali ya shirikisho kufanya kazi zake. Kwa sababu hiyo, kabla ya kusaini chochote, zungumza na wakili wa uhamiaji. Yapo mashirika ya msaada wa sheria yasiyolipisha. Mwulize pia kuhusu viza ya U. Tangu 2016 Tume hii imekuwa ikitoa vyeti vya kuunga mkono maombi ya viza za U na T, na ilikuwa ya kwanza miongoni mwa vyombo vya kupinga ubaguzi vya miji mikubwa ya Marekani kufanya hivyo. Viza hizo ni za watu waliotendewa makosa fulani ya jinai na wakashirikiana na uchunguzi, kwa hiyo si kila mlalamikaji anafaa. Wakili ndiye atakayejua kama wewe unafaa.

"Anti, nimesuka twende kilioni, msimamizi wangu mapokezini anasema hazina sura ya kikazi, nizifumue au nihamishiwe nyuma. Ana haki?"
*Binti wa Harlem*

Hana. Februari 2019 Tume ilitangaza kwamba kumkataza mtu Mweusi nywele zake za asili au mitindo inayohusishwa na watu wetu, iwe rasta, misuko au afro, ni ubaguzi wa rangi. Mwezi Julai wa mwaka huo jimbo la New York nalo likapitisha sheria yake. Mwajiri anaweza kutaka nywele zifunikwe jikoni au karibu na mashine, mradi sharti liwe la kila mfanyakazi na liwe na sababu ya usalama au usafi. "Hazina sura ya kikazi" si sababu ya usalama. Na kukuhamishia nyuma wateja wasikuone pia ni kosa, usije ukadhani amekupa nafuu.

Mwandikie barua pepe, kwa upole, umwombe akuonyeshe kanuni iliyoandikwa. Usifumue hata msuko mmoja kabla hajajibu. Akikuadhibu kwa sababu umeuliza, amefanya kosa la pili: kulipiza kisasi kunakatazwa peke yake, hata kama lile la kwanza halikuthibitika.

"Mama, mimi ni yaya Manhattan, kwa familia moja, mfanyakazi ni mimi peke yangu. Nilipowaambia nina mimba ya miezi minne wakasema kazi imekwisha. Pia nawadai, mshahara wa wiki mbili hawajanipa. Niliambiwa sheria ni ya kampuni zenye wafanyakazi wanne."
*Yaya, kwa sasa Brooklyn*

Pole sana mwanangu, na hongera kwa ujauzito. Aliyekwambia hivyo anajua sheria ya zamani. Ni kweli kwamba mambo mengi ya kazi katika sheria hii yanahesabu wafanyakazi wanne au zaidi. Lakini tangu Machi 12, 2022 mfanyakazi wa nyumbani analindwa hata akiwa peke yake ndani ya nyumba ile. Yaya, mpishi, mfanya usafi, mwangalizi wa mzee, wote wamo. Kwangu hiyo ni moja ya hatua bora kabisa ambazo jiji hili limepiga, kwa sababu wanawake wetu wengi wanafanya kazi mahali ambapo shahidi wao pekee ni mtoto wa mwajiri.

Kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba ni ubaguzi. Tena tangu Januari 2014 mwajiri anatakiwa akurekebishie kazi unapohitaji: kupumzika, kunywa maji, kutobeba vizito, mradi isiwe mzigo asioweza kuubeba. Na kama hujui useme nini, si lazima utumie maneno ya kisheria. Ukisema "daktari kaniambia nisibebe gari la mtoto ngazini," inatosha. Baada ya hapo ni juu yake kukaa na wewe mzungumze.

Mshahara wa wiki mbili usiupeleke Tume, watakurudisha. Huo unakwenda Idara ya Leba ya jimbo. Najua inachosha kupanga foleni mbili kwa mtu mmoja huyo huyo, na mimi ningependa mlango uwe mmoja. Ila usiache foleni moja kwa sababu ya nyingine.

Na sasa naomba unisikilize vizuri, wewe na wote wanaosoma. Una mwaka mmoja tangu kitendo kilipotokea kupeleka malalamiko Tume. Kwa unyanyasaji wa kijinsia kazini ni miaka mitatu. Mahakamani pia ni miaka mitatu, lakini kwa kawaida ukishachagua Tume huwezi kupeleka jambo lile lile mahakamani. Hapo ndipo wakili anafaa kuulizwa mapema. Jambo linaloniuma kuliko yote katika kazi hii ni mtu kuja na hadithi ya kweli, karatasi zote zipo, mashahidi wapo, na tarehe imepita. Alikuwa anasubiri mambo yatulie. Anasubiri mtoto azaliwe kwanza, au mume arudi safari. Tumbo lako lina miezi minne. Usingoje mtoto atembee.

"Kwenda Tume ni shilingi ngapi? Na nikifika wataniongelesha Kiingereza tu?"
*Mgeni Mjini*

Hakuna malipo hata senti moja, wala huhitaji wakili ili uanze. Kiswahili: karatasi zilizochapishwa hutazipata kwa urahisi, kwa sababu sheria ya jiji ya 2017 inataja lugha kumi za kutafsiriwa na yetu haimo. Lakini sheria hiyo hiyo inazitaka idara za jiji ziwe na ukalimani wa simu kwa lugha zisizopungua 100. Sema "Swahili" mara tu wakipokea, kisha subiri kwenye laini. Usimchukue mtoto wako wa shule kuwa mkalimani. Kuna mambo mama hatayasema mbele ya mwanawe, na mara nyingi ndiyo yenye kesi.

"Wanaume wangu wawili wa nyumbani waliwahi kukamatwa zamani. Kila fomu ya kazi inawauliza. Wajibu nini?"
*Mama Mkwe, Staten Island*

Tangu Oktoba 2015 mwajiri wa jiji hili, ukiacha aina chache za kazi, haruhusiwi kuuliza habari za makosa ya jinai kabla hajakupa kazi kwa masharti. Fomu yenye swali hilo ipigwe picha na ipelekwe. Kukamatwa kusikoishia kwenye hukumu hakuwezi kutumika dhidi yao, na hata penye hukumu mwajiri anapaswa kupima kosa lina uhusiano gani na kazi yenyewe, kisha atoe sababu kwa maandishi.

"Binti yangu, mimi ni mzee wa jumuiya yetu. Nimeona kamati na tume nyingi maishani, na nyingi ni maneno. Hii inatofautianaje? Na kama ina faida, mbona hatuioni msikitini wala kanisani kwetu?"
*Mzee, Brooklyn*

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza swali zito, na sitakupamba.

Tume hii ilizaliwa na vurugu. Agosti 1943, Harlem, polisi mzungu alimpiga risasi mwanajeshi Mweusi. Uvumi ukaenea kwamba amekufa, ingawa alikuwa hai, na mtaa ukawaka. Watu sita walipoteza maisha. Mwaka uliofuata meya Fiorello La Guardia akaunda kamati ya umoja. Ilikuwa kama hizo unazozijua: inashauri, inapatanisha, haina meno. Mwaka 1955 ikawa tume kamili. Mwishoni mwa 1957 jiji likapitisha sheria ya kwanza Marekani ya kukataza ubaguzi katika nyumba za watu binafsi. Jina la Haki za Binadamu lilikuja 1962, na nguvu za kuchunguza na kuadhibu zikaongezwa 1965. Eleanor Holmes Norton aliiongoza kuanzia 1970, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Mwaka 1991, chini ya meya David Dinkins, sheria ikaandikwa upya na kupanuliwa sana.

Kwa hiyo meno yapo. Upungufu wake ni mwendo. Uchunguzi unaweza kuchukua zaidi ya mwaka. Malalamiko yakifunguliwa mlalamikiwa hupewa muda wa kujibu, afisa anahoji, anakusanya karatasi. Kisha kama kuna msingi, jambo linakwenda kwa jaji wa utawala, naye anampelekea kamishna mapendekezo. Kesi nyingi huishia kwa makubaliano njiani. Nimeona walalamikaji wakikata tamaa katikati, wakihama, wakibadilisha namba ya simu bila kumwambia afisa, na jalada likafungwa. Kwa upande huu jumuiya inaweza kusaidia: mtu mmoja wenu awe anamkumbusha mlalamikaji, ampeleke kwenye miadi, ahakikishe namba mpya imefika.

Kuhusu kutoonekana kwao kwenu, hapo nawalaumu kidogo na nyinyi nawalaumu kidogo. Tume ina kitengo kizima cha mahusiano ya jamii, chenye vituo katika mitaa yote mitano mikuu. Wanafundisha haki za mpangaji na mfanyakazi bila malipo, shuleni, maktaba, kwenye nyumba za ibada. Wanafundisha vijana kusuluhisha ugomvi shuleni. Wamewahi kuandaa futari za hadhara wakati wa Ramadhani. Kitengo hicho pia kimesaidia watu wenye ulemavu kupata njia ya kiti cha magurudumu mlangoni mwa jengo, wakati mwingine bila kesi yoyote, kwa kumweleza mwenye jengo kwamba gharama hiyo ni yake isipokuwa athibitishe hawezi. Lakini wanakwenda wanakoitwa, na jumuiya kubwa zenye watu kwenye baraza la jiji zinajua kuita kuliko sisi.

Basi waite. Andika barua fupi kwa jina la jumuiya, utaje kituo cha Brooklyn, idadi ya watu mnaowatarajia, na mada mbili tu. Napendekeza vocha na kazi za majumbani, kwa sababu ndizo zinazojaa kwenye barua ninazopata. Omba mkalimani wa Kiswahili katika barua ile ile ya kwanza, si siku yenyewe. Omba mkutano uwe Jumapili alasiri. Mayaya wengi siku hiyo ndiyo ya mapumziko, na Ijumaa hawatafika. Tengeni chumba kidogo pembeni chenye mlango unaofungika, kwa anayetaka kuzungumza na afisa peke yake. Na mwambie kila anayekuja abebe simu yake ikiwa na chaji, pamoja na ujumbe wowote aliotishiwa nao.